Mkate Hauna Chumvi

Jumatatu, 3 Juni

Nesi amekuja kiwandani kutupima presha, waoka mikate wote. Yangu: 168 kwa 102! Nikamwomba apime na mkono wa pili, huenda wa kwanza umekosea. Mikono yote miwili imesema neno moja. Kaniandikia vidonge na kuniambia nipunguze chumvi: kwa siku nzima, ukijumlisha yote, isifike kijiko kimoja cha chai. Mimi hicho namalizia kwenye mayai.

Bosi mama kasema cheo cha mkuu wa tanuri atakitoa Jumamosi, tukishapimwa tena. Hataki mtu aanguke mbele ya moto. Tumebaki wawili, mimi na Kidevu, mkandaji wa unga. Cheo hicho nimekingoja miaka ishirini na miwili.

Kaka yangu mkubwa alianguka mezani mwaka jana, akafa akiwa na miaka arobaini na tisa. Mimi nitafikisha hiyo Agosti. Sijamwambia mtu kwamba nahesabu.

Jumanne, 4 Juni

Mama watoto ameficha kichupa cha chumvi. Maharage ya leo! Maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa rangi. Nikala kwa adabu.

Kiwandani akili ikanijia. Mkate! Mkate hauna chumvi. Naam, kwenye unga naitia mimi mwenyewe, lakini tanuri lina joto la nyuzi mia mbili na thelathini. Maji hukauka. Hamira hufa. Chumvi ni nani hata ipone? Inaungua yote. Nimekula vipande vinane kwa moyo mweupe.

Jumatano, 5 Juni

Mkate wetu wa wafanyakazi, ule tunaouoka mwisho na kugawana, ulikuwa umepooza. Nimeutia chumvi mara mbili. Ya ladha tu, si itaungua? Vipande kumi na kimoja!

Kidevu hali mkate. Anatafuna tango huku akinitazama kama seremala anayepima jeneza. Alipokwenda stoo nikalinyunyizia tango lake chumvi ya kutosha. Presha yake ikipanda tutakuwa sawa. Akarudi, akaonja, akaenda kulisuuza bombani, akaendelea kutafuna. Mtu wa kawaida anasuuza tango mara mbili? Huyu ana jambo.

Alhamisi, 6 Juni

Viatu vimenibana. Nimemlaumu fundi viatu. Kichwa kinagonga tangu alfajiri. Nimeilaumu hamira.

Jioni mama watoto alinibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akasema miguu ya shemeji yake, marehemu kaka yangu, ilikuwa hivi hivi, akaanza kulia. Akataka kujua ninakula nini huko kazini. Nikaapa chumvi haijagusa ulimi wangu tangu Jumatatu, na vidonge sijaruka hata siku moja. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikatoka nje nikasimama ukutani. Nimeogopa. Naandika hapa tu.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mpya: maji. Lita nne, kusafisha damu. Nimekwenda chooni mara kumi na tatu, na trei mbili za mikate zikaungua nikiwa huko. Bosi mama akauliza hiyo harufu ni ya nini. Kidevu akajibu kabla yangu.

Moyo unadunda hadi masikioni. Nimejituliza kwa mkate, vipande tisa, bila siagi. Siagi ina chumvi. Mimi si mjinga.

Jumamosi, 8 Juni

181 kwa 108! Kidevu 116 kwa 74.

Nesi akaniuliza mlo mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwenye mkate akaacha kuandika. Akauliza nani anautia chumvi. Nikasema mimi. Kiasi gani? Nikamtajia. Nikamfafanulia na habari ya tanuri, polepole, maana hajasomea. Akasema chumvi haiungui, baba, kila chembe uliyoitia umeila. Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale.

Nikapelekwa hospitali saa ile ile, dawa zikaongezwa. Tanuri kapewa Kidevu. Bosi mama kasema presha ikishuka na kutulia atanifikiria. Kidevu kanishika bega akaniombea nipone haraka. Nimemchukia zaidi.

Mama watoto alikuja kunichukua hospitali, akanishika mkono njia nzima hadi nyumbani. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 9 Juni

Nimejifunza! Mkate, basi! Leo sijagusa hata ganda.

Jana kwenye benchi la hospitali nilikaa na mtengeneza soseji wa sokoni. Yake 190! Maskini, hajui ameitoa wapi. Anakula soseji zake tu, na soseji hazina chumvi. Kanieleza kitaalamu: hukaushwa kwa moshi, na chumvi yote huondoka na moshi. Mtu mwenye miaka thelathini kazini! Nikamhurumia, nikamshauri aache mkate.

Leo kaniletea soseji kumi na mbili kunishukuru. Nimekula saba nyuma ya nyumba, nisimtie mama watoto wasiwasi bure. Amefurahi kuona sijaomba mkate wala chumvi. Kisha akapiga magoti, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, akasubiri shimo lijae. Tukasubiri wote wawili.