Nyasi za Firmin na Njia Isiyo na Gari

Jumatatu, 16 Juni

Ushindi unanukia! Bibi Delphine Quéroy, yule anayeandika vitabu vya njia za baiskeli, anakuja Alhamisi. Kitabu chake kipya ni cha njia za changarawe tu, zile ambazo gari halikanyagi. Katika bonde letu atachagua njia moja. Ama yetu ya Vaugelade, juu ya tuta la reli ya zamani, ama ile ya Chantegrelle, ng'ambo ya mto, inayosimamiwa na Solange Maupuy. Solange! Mwanamke anayetangaza kila gulio kwamba njia yetu ina mashimo. Shimo ni moja. Lile jingine nililifukia mwenyewe.

Mimi ndiye naibu meya wa mambo ya wageni. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa udereva, nusu ya bonde hili wamejifunza gia kwangu. Sasa napigania njia isiyo na gari. Yvonne, mke wangu, anasema natubu.

Tatizo ni Firmin. Ndugu yake Yvonne, shemeji yangu. Konde lake la nyasi liko katikati ya njia na mto, na hana pa kupita ila juu ya changarawe yetu. Nyasi kazikata leo asubuhi. Zikishakauka, Alhamisi atazifunga marobota na kuyasomba kwa trekta, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mbele ya macho ya Bibi Quéroy. Na trekta lenyewe linakohoa moshi mweusi utadhani treni imefufuka.

Lazima nitumie akili.

Jumanne, 17 Juni

Nimetumia akili. Wazo la kwanza: kumwambia Firmin kwamba serikali imepiga marufuku matrekta wiki hii. Hapana, angemuuliza meya. Wazo la pili: kuficha ufunguo wa trekta. Nimekwenda kuutafuta bandani. Trekta halina ufunguo. Analiwasha kwa bisibisi.

Wazo la tatu limekuja na miguu yake. Mchana Firmin kagonga mlango wa jikoni, kikapu cha cheri mkononi. Simu yake ni ile ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo kila msimu wa nyasi huja kwangu. "Shemeji, hebu chungulia kwenye mtambo wako. Mvua lini?"

Nikachungulia. Alhamisi jioni. Radi, upepo, mvua ya kumwaga. Hakuna shaka hata chembe.

Nikasikia sauti yangu ikisema: "Kavu mpaka Jumamosi. Usiwe na haraka, ziache zikauke sawasawa. Funga Ijumaa."

Akanishika bega. Akasema bila mimi angekuwa anabahatisha tu. Akaacha kikapu chote.

Yvonne anashangaa kwa nini sili cheri. Nimesema meno.

Jumatano, 18 Juni

Nimejipa moyo. Watabiri wa hewa hukosea. Mwaka juzi walitabiri theluji, likawaka jua!

Nimefanya mazoezi ya njia nikiwa na nguo rasmi za baiskeli, zile za kubana. Yvonne kacheka mpaka kakaa chini. Kilomita ya kwanza safi. Ya pili, lile shimo nililolifukia limefukuka. Nimetua kwenye majani ya kuwasha. Mapaja yote mawili. Naandika nikiwa nimesimama.

Firmin ndiye aliyenitoa kichakani. Kanipangusa, kisha kanivuta kwenda kuona nyasi zake. Zilinukia, zimelala mistari mistari hadi mtoni. Akasema ghala ni tupu. Majira ya machipuko yalikuwa makavu, kwa hiyo hizi ndizo chakula cha ng'ombe wake kwa baridi nzima, hana nyingine.

Nikafumbua kinywa. Naapa nilikifumbua. Mara ng'ambo ya mto Solange akapita kwa baiskeli, mgongo umenyooka, akatupungia mkono kama malkia.

Nikakifumba.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya aibu. Nitaandika yote, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Bibi Quéroy kafika saa nane. Mwembamba, mwenye mvi, miguu ya chuma. Tukaondoka pamoja. Kimya kitupu! Hakuna injini, hakuna honi, ni changarawe tu ikilia chini ya magurudumu. Na mimi nikihema. Kasema njia ni laini kuliko alivyotarajia. Nikamwonea huruma Solange.

Tukafika kwenye konde la Firmin. Kakaa kwenye uzio, anatafuna mkate na jibini. Akasimama, akavua kofia, akamkaribisha mgeni kipande. Bibi Quéroy akala, akazitazama nyasi, akatazama mbingu upande wa magharibi.

"Baba, hizi huziondoi? Jioni kuna dhoruba."

Firmin akacheka kwa upole. "Aa, mama, hapo wamekudanganya. Ni Jumamosi. Muulize shemeji yangu, ana simu ya kisasa."

Wote wawili wakanigeukia.

Ilikuwa bado saa tisa kasoro. Angeanza pale pale, angeokoa nusu. Labda zaidi ya nusu. Lilikuwa neno moja tu. Lakini njia ilikuwa kimya, na daftari la Bibi Quéroy lilikuwa wazi.

Nikasema: "Yangu inaonyesha Jumamosi."

Firmin akarudi kukaa kwenye uzio.  Bibi Quéroy alinitazama kidogo, akafunga daftari, akapanda baiskeli.

Saa kumi na moja mbingu ikapasuka. Tulikuwa tunarudi. Tukajibanza kwenye kituo cha zamani cha treni, na muda si muda Firmin naye kaingia, maji yanamchuruzika. Alikuwa amejaribu kufunika mstari mmoja kwa turubai. Upepo umelichukua turubai. Tulisimama watatu mlangoni tukiangalia nyasi zikigeuka tope.

Akanigusa kiwiko. "Usijilaumu, shemeji. Simu nayo ni chombo tu. Inakosea kama sisi."

Laiti angenipiga.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kumsaidia kugeuza nyasi kwa uma. Naibu meya, kwa uma! Zimeanza kunuka uvundo. Firmin kaniambia nipumzike, mgongo wangu si wa kazi hizi. Kanipa divai yake, yeye kanywa maji.

Mkahawani mambo yakawa mabaya zaidi. Fundi mabomba kaanza kunitania, eti naibu meya anasoma hewa kwenye simu iliyoshikwa kichwa chini. Wote wakacheka. Firmin peke yake hakucheka. Kasema: "Jamani, muacheni. Katika kijiji hiki ni nani mwingine anayenisaidia kila mwaka bila kuchoka?"  Mmoja kaniomba radhi.

Nimeomba udhuru nikaenda msalani. Nimekaa humo mpaka mtu akagonga.

Jumamosi, 21 Juni

Bibi Quéroy kaniandikia barua pepe. Kachagua Chantegrelle.

Kasema njia yetu ni nzuri kuliko ile, laini na tulivu. Lakini katika kila kitabu huwaambia wasomaji wake wasisite kuwauliza wenyeji, kwani wenyeji watawaambia ukweli. Amejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa Vaugelade, kalamu imekataa.

Yvonne alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Akauliza huyu mama ana maana gani. Nikasema waandishi ni watu wa ajabu. Akauliza tena. Nikamweleza.

Hakupiga kelele. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. "Anselme, kesho kaka yangu anakula hapa. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi."

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia. Nilingoja supu iishe. Nikangoja pai ya viazi iishe. Yvonne akanikanyaga chini ya meza. Nikasema yote kwa mkupuo: ile simu, wingu, kitabu, Solange. Nikamwambia hata ile mara ya pili, pale kwenye uzio.

Firmin kabaki na kipande cha pai kwenye uma. 

"Uliona mvua, ukanitazama machoni?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa ajili ya trekta."

Ndiyo.

Akauweka uma chini polepole. "Si ungeniomba tu, shemeji? Ungesema, Firmin, yule mama akipita zima injini kidogo. Ningezima. Ni robo saa. Ningezima hata nusu saa."

Kuomba! Katika mawazo yote niliyowaza tangu Jumatatu, hilo halikunijia hata kidogo.

Akamuuliza Yvonne, si mimi, kama anajua ng'ombe watakula nini mwezi wa pili. Akachukua kofia. Mlangoni akageuka, akasema pai ilikuwa nzuri. Aliliambia kabati.

Nimelia, bandani, ambako Yvonne hanisikii. Nimeapa. Basi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema kweli na kuomba waziwazi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka mtu mpya! Deni langu ni nyasi, na nyasi nimezipata.

Ziko Chantegrelle. Kando zote mbili za njia ya Solange nyasi zinafika kiunoni, kijani, zimejaa maua. Haziliwi na mnyama yeyote. Eti wameziacha kwa ajili ya vipepeo, na ndizo Bibi Quéroy anataka kuzipiga picha za kitabu Jumatano. Vipepeo! Wakati ng'ombe wa shemeji yangu wanakabiliwa na njaa!

Yvonne kasema nikamwombe Solange, huenda akatoa hata nusu. Simjui Solange? Angekataa. Tena angefurahi kukataa. Hapana, nitazikata kesho alfajiri, kabla hawajaamka, upande wote wa mto. Akigundua, zitakuwa zimeshafungwa marobota, na ng'ombe hawezi kutoa ushahidi.

Kwa kazi hiyo nahitaji trekta. Mchana nimekwenda kwa Firmin kuliazima. Alikuwa mkavu kidogo, lakini ni mtu mwema. Kanipa bisibisi. Kaniuliza nalitakia nini.

Nimemwambia ni kwa shughuli za kanisa.