Mageuzi Yaliyoanzia Rodi Kopany

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimezaliwa upya! Karani wa soko ametangaza kwamba tutachagua mwenyekiti wa wafanyabiashara hapa Rodi Kopany. Kiti ni changu! Miaka yote ametuongoza Achieng muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na choo cha soko bado hakina mlango. Nimepanda juu ya kreti ya soda, nikapaza sauti: mageuzi! Wauza ndizi wenzangu wakashangilia. 

Mageuzi huanzia nyumbani, kwa hivyo jioni nimeosha vyombo. Mke wangu Mong'ina akaniuliza kama ninaumwa. Nimemwahidi kwamba ujanja nimeacha. Kabisa!

Jumatano, 11 Juni

Nimepata njia! Nimemshawishi karani tupige kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, kila mtu aone. Amenisifu kwa kupenda uwazi. Nikamwomba iwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ijumaa Achieng na akina mama wenzake wa omena hushinda Homa Bay wakinunua omena. Watarudi wakute nimeshakalia kiti! Huu si ujanja. Ni ratiba.

Ijumaa, 13 Juni

Foleni yangu ilifika hadi kwa kinyozi! Upande wa Achieng, hakuna mtu. Ila karani hakuwepo. Pikipiki yake ilikuwa imeharibika njiani. Tukangoja. Jua likashuka. Jasho likaanza kunitoka, maana wauza ndizi wote ni Wasabato, mimi nikiwemo, na Sabato huingia jua likitua. Lo, mbona sikukumbuka?

Mong'ina alikuwa wa kwanza nyuma yangu. Akanigusa bega.

"Baba Sheila, jua limezama. Twende."

Nikamwonyesha kwamba kule magharibi, upande wa Lambwe, bado kuna wekundu. Akachukua kikapu chake, akaondoka. Foleni nzima ikamfuata ikiimba. Ndipo karani akafika, na akina mama wa omena pia, beseni kichwani. Wakajipanga nyuma ya Achieng, nami nikahesabiwa. Kura moja, yangu! Na mzee wa kanisa, Orina, alisimama barabarani akinitazama.

Jumamosi, 14 Juni, jua likishatua

Kanisani leo nimevuliwa ushemasi kwa kuvunja Sabato. Mong'ina hataki kuongea nami. Alikuwa ameniamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 15 Juni

Achieng amekuja kibandani na omena za kunipoza.

"Omera, ndugu yangu, hiyo foleni ilikuwa wazo zuri. Kuwa katibu wangu."

Machozi yalinitoka mbele ya wateja! Nimeapa kuwa mwaminifu. Mong'ina alisikia, akatabasamu, akanimiminia chai. Kweli mtu hubadilika!

Halafu nikauliza kazi ya katibu. Kumbe ndiye anayeitisha mikutano! Wa kwanza utakuwa wa kumwondoa Achieng, siku ambayo atakuwa Homa Bay. Mageuzi lazima yaendelee!