Baraka ya Guka Imeota Maabarani

Jamani, uso wangu leo nimeuacha maabara. Atakayeuokota aniletee hapa Embu mjini.

Mnajua kazi yangu: nalea seli za kansa kwenye chupa. Ni kansa ya damu, ile adimu ya seli B, na tunazikuza ili tuzijaribie dawa. Shida ni kwamba zangu zilikataa kuzaana. Nazilisha, nazibembeleza, nazisemesha Kiembu. Wapi! Profesa akasema zisipoongezeka kufikia leo, anaufunga mradi, nami narudi Runyenjes kufundisha form two.

Basi Jumamosi nikaenda Kanja kumlilia babu yangu, Guka. Nikambebea koti langu jeupe la maabara alione. (Koti halifai kutoka maabara. Najua. Nyamazeni.) Guka akaniambia nilivae, akapiga funda la muratina, pombe yetu ya asali, kutoka kwenye kibuyu, akanipulizia kifuani na mikononi vile wazee wetu hubariki. "Kazi ya mikono yako iongezeke!" Mimi, mwalimu wa Sunday school nisiyeonja pombe, nikaitikia amina. Jumapili jioni nikapitia maabara na koti lilelile, nikazilisha seli.

Leo asubuhi nafungua ile mashine ya joto tunamoziweka. Woi! Maji ya chupa zote yamekuwa meupe, mazito kama uji! Sasa, seli zangu huelea, kwa hivyo zikiwa nyingi maji huwa mazito hivyo. Nikapiga vigelegele peke yangu. Kuangalia kwa hadubini kwanza? Nani ana wakati huo! Nikaandika kwenye group ya maabara: "ZIMEZAANA!!! Ni ile baraka ya muratina ya Guka!" Nikampigia Guka mwenyewe. Nikacheza kidogo. (Sawa, nikacheza sana.)

Profesa akaja mbio, wenzangu wote nyuma yake. Nikaweka tone kwenye hadubini, nikawasha skrini kubwa ya ukutani, nikasimama kando kama bibi arusi anayesubiri picha.

Kwenye skrini kulikuwa na vitu vidogo kama mayai, kila kimoja kimebeba katoto mgongoni. Seli zangu hazifanani hivyo hata kidogo. Mutwiri, mwenzangu wa Kianjai, akasogelea chupa iliyo wazi, akanusa hewa.

"Wawira, mbona hapa pananuka kama sherehe ya ruracio, wazee wakishamaliza kuelewana mahari?"

Profesa akavua miwani. "Hebu nikumbushe. Guka alikupulizia nini?"

"Muratina, Prof."

"Ukiwa umevaa nini?"

Nikaliangalia koti.

"Hii ni chachu," akasema. "Seli zako zimekufa zote. Hapa unapika pombe, mama."

Wacha watu wacheke! Mutwiri alikaa sakafuni. Mimi machozi yananilenga, tayari naona ubao wa form two na chaki mkononi. Profesa alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akageukia dirisha mabega yakitetemeka. Aliporudi akasema, "Kuna akiba kwenye friza. Toa, anza upya, nakupa nafasi moja. Na hilo koti lisipite tena kwa huu mlango!"

Aki nilitaka kumkumbatia. Lakini simu ikalia. Guka! Kwa kubabaika nikabonyeza loudspeaker.

"Wawira! Baraka imeshika?"

Profesa akainamia simu yangu, kwa heshima zake zote. "Imeshika, mzee. Imeshika sana."

Sasa Kanja nzima inajua nimefaulu, na Guka ameshachagua mbuzi wa kunipongeza Jumapili. Nyote mmealikwa. Kwa hivyo chekeni saa hii, chekeni mmalize, kwa sababu kwa Guka tutakula hiyo nyama tukiwa tumekaza uso.