Joto la Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Baridi ya leo inagandisha kope. Gari limegoma. Nimelibembeleza, likawaka, redio ikafa. Kazini nimekuta vita vile vile. Vita vya kimya, maana hapa mjini Duluth hatugombani. Tunanuniana kwa adabu.

Niyaandike mambo yalivyo, ili siku nikiwa mkubwa nikumbuke nilikotoka. Mimi, Verlyn Haugen, ni kaimu mkuu wa Idara ya Madai katika kampuni ya bima. Kaimu! Tangu Septemba, mzee Halvorson alipostaafu. Ijumaa ya wiki ijayo Bi Brandvold anakuja kutoka makao makuu, Saint Paul, kuamua kama nithibitishwe. Nikithibitishwa, napata chumba chenye mlango. Nisipothibitishwa, narudi kwenye meza yangu ya zamani karibu na choo, ambako kwa miaka kumi na tisa nimejua nani kala nini. Na chumba chenye mlango anakipata Marlys Tollefson.

Marlys! Yuko hapa tangu mimi sijaoa. Hana cheti, hajakanyaga semina, ana blanketi magotini na bakuli la peremende mezani. Sijui watu wanampendea nini.

Vita vyenyewe ni vya joto. Marlys anasikia baridi. Curtis, mtu mzima mwenye mwili wake, anayekaa nyuma yake mgongo kwa mgongo, anasikia joto. Februari hii anavaa mikono mifupi. Kidude cha kurekebisha joto kiko ukutani katikati yao. Marlys akipita anapandisha. Curtis akipita anashusha. Hakuna anayemwambia mwenzake neno. Mwezi uliopita nilikifungia ndani ya kisanduku chenye kufuli na ufunguo nikatia mfukoni. Tangu hapo adui ni mimi. Hawasemi. Ila hakuna anayeniuliza nimeamkaje.

Lakini wiki iliyopita nilikwenda semina ya kuelewa na kuongoza tabia za binadamu kazini. Siku mbili, hotelini, keki bure. Mwalimu alisema mfanyakazi hataki kupewa kila kitu. Anataka kuhisi kwamba ana sauti. Kuhisi! Neno hilo nililipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka.

Nimepata wazo. Sitaliandika hata hapa.

Jumanne, 4 Februari

Naliandika. Nimenunua kidude kipya, cheupe, chenye vitufe viwili na namba za kijani zinazowaka. Duane, fundi wa jengo, amekipachika ukutani asubuhi kabla watu hawajafika. Kile cha kweli amekihamishia chini kwenye boila linalopasha jengo joto, kisiguswe na mtu. Hiki kipya kina betri tu. Namba zinapanda, namba zinashuka, joto liko pale pale.

Duane akaniambia, bwana, mbona hakina waya. Nikamwambia ndiyo, hakina. Akauliza sasa kinafanya kazi gani. Nikamwambia kinafanya kazi ya saikolojia. Akanitazama jinsi anavyotazama bomba linalovuja. Ili afunge mdomo ametaka kutumia kibanda changu cha kuvulia samaki juu ya barafu kila Jumamosi. Nimekubali. Uongozi una gharama zake.

Saa tatu nimetangaza: kufuli limeondoka, joto ni la watu. Curtis akasema, "Haya. Siyo mbaya." Katika mji huu mtu hasifiwi zaidi ya hapo.

Jumatano, 5 Februari

Kinafanya kazi! Nimejibanza nyuma ya mashine ya fotokopi, nikashuhudia kwa macho yangu. Marlys kapandisha, karudi, kaondoa blanketi magotini. Curtis kashusha, kakaa, kavuta pumzi, kasema afadhali. Hewa ni ile ile! Binadamu ni kiumbe rahisi mno. Naona huruma hata kuwaongoza.

Nimemsimulia Joyce, mke wangu, wakati wa chakula. Kaniuliza kama leo kuna mtu aliyenisalimia. Nimemwambia hii ni sayansi, haihusiani na salamu. Akaniongezea viazi.

Ijumaa, 7 Februari

Uchovu. Wamekipenda kupita kiasi. Kutwa wako ukutani. Kupandisha, kushusha, kupandisha. Curtis alipoketi tu, Marlys akanyanyuka. Alipoketi Marlys, akanyanyuka Curtis. Madai ya watu walioteleza kwenye barafu yamerundikana, na Februari ndiyo msimu wao.

Hapo ndipo akili yangu, ingawa imechoka, ikacheza. Nilipokuwa na ufunguo nilichukiwa. Kwa hiyo mwenye joto huchukiwa. Basi apewe Marlys! Nimemteua Msimamizi wa Joto mbele ya wote. Anayetaka nyuzi za joto zibadilishwe apitie kwake. Wiki ijayo watakuwa wanamng'ong'a, na Bi Brandvold atakuta idara nzima imemgeuka. Watu wakauliza kwa nini Marlys. Nikasema kwa sababu ya busara zake. Ulimi haukukwama hata kidogo.

Marlys alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Verlyn, kama itakusaidia." Hajui kinachomjia.

Jumatatu, 10 Februari

Nimejipalia makaa.

Hawamchukii. Hata kidogo! Anayesikia joto au baridi anakwenda kwa Marlys, anasimama, anajikuna shingo. Marlys anamwambia aketi. Anamuuliza vipi. Yule anasema vizuri tu. Marlys ananyamaza, anasogeza bakuli la peremende. Basi yule anaanza. Leo Curtis ameketi pale muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya fotokopi. Kumbe mama yake alianguka barafuni mwezi uliopita, na tangu hapo Curtis analala kwa mama, juu ya kochi, na halali. Nimekaa naye ofisi moja mwezi mzima sikujua. Angeniambia ningempa fomu ya madai.

Mwishowe Marlys akanyanyuka, akashusha kidude nyuzi moja. Curtis akasema ahsante, sasa najisikia mtu. Halafu, mbele ya macho yangu, akamuuliza Marlys kama hiyo nyuzi moja itamuumiza yeye. Marlys akasema hapana, ana blanketi. Wamekaa mgongo kwa mgongo miaka yote hiyo, na leo ndiyo wamesemezana habari ya joto!

Nimepata wivu. Naandika wazi, hakuna atakayesoma. Madaraka niliyompa ni ya bure, hayajaunganishwa na kitu chochote duniani, na bado anayatumia kunishinda. Nikimwambia mtu kwamba kidude ni cha uongo, nimejitaja mwenyewe. Nikinyamaza, Ijumaa chumba chenye mlango ni chake.

Jumatano, 12 Februari

Mpango mpya. Semina ilisema kiongozi huonekana kwa ujasiri wa kuamua mbele ya watu. Leo kulikuwa na chakula cha kuchangia. Nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu, aina nne, zote za rangi moja. Mwishoni kikabaki kipande kimoja cha keki ya Marlys.

Kipande cha mwisho hapa hakiliwi. Mtu anakikata nusu, anachukua nusu. Mwingine anakuja, anakata nusu ya nusu. Kufikia jioni kimebaki kitu cha kulisha sisimizi, na hicho nacho kinafunikwa vizuri kikawekwa kwenye friji. Ndivyo tulivyolelewa.

Nimesimama. Nimekichukua kizima. Nimekila huku nawatazama usoni, mmoja mmoja.

Curtis aliangalia viatu vyake. Marlys tu ndiye aliyesema, kwa upole, huenda Verlyn hakupata kifungua kinywa. Wote wakanionea huruma! Mchana wote nimekuta vitu mezani: ndizi, kipande cha mkate, supu ya kopo. Sijawahi kudhalilishwa kwa wema namna hii.

Ijumaa, 14 Februari

Niandike kwa mfululizo.

Boila limekufa usiku wa jana. Duane kasema kipuri chake kitafika alasiri. Ofisini pumzi zinaonekana. Nikafurahi, nakiri. Nilijua leo kidude kitaumbuka, na Marlys naye.

Saa nne kaingia Bi Brandvold, koti hadi miguuni. Marlys alikuwa ameweka moyo wa chokoleti kwenye kila meza, maana ndiyo siku ya wapendanao. Bi Brandvold akauliza, jamani, mnaendeleaje na baridi hii. Curtis, midomo imekuwa ya buluu, akasema, "Siyo mbaya. Marlys anatuangalia." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Bi Brandvold akageuka kwa Marlys. Marlys akasema ngoja tukupandishie, mgeni wetu. Akaenda ukutani, akabonyeza mara mbili. Namba za kijani zikapanda.

Tukangoja. Na Bi Brandvold, mwanamke mwenye shahada mbili, akafungua kifungo cha koti. Akasema, "Naam. Sasa nalisikia."

Nilishindwa. Miezi mitano ya ukaimu ikanipanda kichwani kwa pamoja. Nikakimbilia ukutani, nikaking'oa kidude, nikakigeuza wakione mgongo. Nikapiga kelele, "Hakina waya! Angalieni! Kimebandikwa tu! Hakuna joto hapa, hakujawahi kuwa na joto!"

Kimya. Kimya cha kwetu, ambacho ukikisikia unatamani heri wangekutukana. Kisha Curtis akasema taratibu, "Mh. Hiyo ni tofauti, Verlyn." Mtu wa Duluth akishasema jambo ni tofauti, amekwisha kulizika.

Bi Brandvold akafunga kifungo. Akavaa na kofia. Wote wakavaa kofia. Mmoja akaanza kutetemeka, wakafuatia wengine, na nikawasikia wakinong'ona, kwa nini akivunje leo, siku yenye baridi kama hii.

Bi Brandvold aliniita pembeni. Kaniuliza nani alikiweka kidude kile. Nikasema mimi. Kaniuliza nani kakivunja. Nikasema mimi pia. Nikamweleza semina yote, tangu mwanzo, pamoja na mistari niliyopiga. Akasema mmh. Akaniuliza kama ninapata usingizi wa kutosha.

Jumanne, 18 Februari

Marlys ndiye mkuu. Walimpigia makofi, ya adabu, lakini marefu. Nimebeba sanduku langu mpaka kwenye meza ya zamani. Mtu mmoja kala kabichi.

Saa tisa Marlys kaniita. Chumba chenye mlango kakikataa. Kasema kitumike kuwekea makoti, yeye abaki pale pale alipo. Nikaenda nikiwa nimejiandaa kufokewa. Akaniambia niketi. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza kwamba kidude hakiendeshi kitu, kwa sababu alipobonyeza hakusikia mabomba ya joto yakigonga kama zamani. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Kwanza ungeaibika. Halafu Curtis alikuwa ameanza kuzungumza. Ningemkatizaje?"

Kisha akaniuliza vipi mimi.

Nikasema vizuri tu. Akanyamaza, akasogeza bakuli. Sijui nini kilinipata. Nikaanza na magoti, yanavyouma nikipanda ngazi. Nikaja kwa mwanangu Darrel aliye mjini Fargo, ambaye hajapiga simu tangu Krismasi. Nikasema kwamba tangu Septemba nimekuwa nikijificha nyuma ya fotokopi, na kwamba ni upweke mtupu huko nyuma. Pua ikaanza kunivuja. Marlys hakunishauri, hakuniongoza, hakuandika kitu. Alisikiliza tu, akanipa karatasi ya kupengea kamasi.

Nikanyanyuka. Masikio yalikuwa ya moto! Koti nimelibeba mkononi, na boila bado linafanya kazi nusu nusu, Duane mwenyewe kathibitisha. Njiani Curtis akaniuliza, "Vipi, Verlyn?" Nikamwambia siyo mbaya. Ilikuwa kweli.

Jioni nzima nimewaza. Joyce kanikuta nimekodolea macho sahani. Yule mwanamke ana nini? Hana cheti. Hana mbinu. Kidude chenyewe hana tena. Hakufanya chochote, nilikuwepo, nimeona. Na bado kila anayeketi pale anaondoka mtu mwingine.

Kila anayeketi pale!

Nimeruka mpaka nimemwaga chai. Jibu lilikuwa chini yangu muda wote. Ni kiti! Kile kiti cha kitambaa cha kahawia kando ya meza yake, chenye mguu mmoja mfupi. Semina nzima haikutaja viti. Nimeitangulia sayansi yenyewe. Kesho naingia kabla ya wote, nakibeba, nakileta kwenye meza yangu. Tuone sasa watamwendea nani.