Skimu ya Vitunguu ya Lumemo

Waheshimiwa wajumbe, wazee wa baraza, mapadre, masista, walimu, wavuvi, wakulima kutoka Lumemo hadi Kisawasawa, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna ubwabwa! (Vicheko.) Mimi, Hermenegildi, Mwenyekiti wa Skimu ya Vitunguu, mtu ambaye unyenyekevu wake unajulikana wilaya nzima, nawaruhusu mkae juu ya magunia yenu.

Kitunguu, ndugu zangu, si kiungo tu, ni siasa ya maendeleo! Asili yake ni Misri, ambako wana wa Israeli walikiacha, wakakililia jangwani. Ndiyo maana sisi nasi tukikikata tunalia, kwa kuwaunga mkono. (Padre anakohoa.) Naam, kinatibu hata kikohozi, Baba! Na ukikikaanga mpaka kiwe chekundu, ukakimwaga juu ya kambale, mume aliyenuna hurudi nyumbani bila kuitwa. Ripoti yangu, niliyoiandaa jikoni kwa mke wangu Aurelia, inaonyesha kwamba asilimia tisini na tisa ya michuzi ya bonde hili ni maji yaliyopitiwa na samaki. (Akina mama wanaguna.) Sikumtaja mtu.

Kwa ajili hiyo, mwaka jana nilichukua shamba la Mama Kandida, pale kando ya mto, liwe kitalu cha skimu. (Mama Kandida, kutoka nyuma: "Nirudishie! Mvua hizo zinakuja, wanangu watakula nini?") Tulia, mama, maendeleo hayana papara. ("Mpunga nao haungoji kamati, Bwana Mwenyekiti!" Makofi makubwa.) Makofi hayo nayapokea.

Wapo wapinga maendeleo wanaosema hawajaona kitunguu hata kimoja. Jamani, kitunguu hukaa ardhini! (Mzee Kasmiri: "Na majani yake?") Majani yamo katika programu ya mwakani, Mzee wangu.

Itikieni kwa nguvu: Kitunguu! ("Kiko wapi?") Kitunguu! ("Kiko wapi?") Ahsanteni kwa moyo huo.

Mwisho, namshukuru Mama Kandida kwa shamba lenye rutuba ya ajabu. Maana mpunga nilioupanda humo, ili ardhi isikae bure ikisubiri mbegu za vitunguu ambazo bado sijaziagiza, umejaza ghala langu mpaka mlango haufungi. Ubwabwa wake ndio mtakaokula leo kwangu. Karibuni nyote, ila kila mtu aje na kitunguu chake.

(Mama Kandida ananyanyua gunia alilokalia, anatangulia kuelekea ghalani. Mkutano mzima unanyanyua magunia.)