Balbu Nne Ndani ya Soksi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya nne katika mji huu. Kazi nimepata, ukarani wa ghala. Chumba na sebule nimepata. Bajeti ndiyo imegoma. Kodi, maji, umeme, nauli, chakula: nikijumlisha, mshahara unakata roho tarehe kumi na tisa! Na mke wangu anakuja Jumamosi kukagua. Amesema wazi: bajeti ikitosha, anahamia, isipotosha, anarudi kwa mama yake. Nampenda mke wangu. Pia sijui kupika.

Jumanne, 4 Machi
Nimeujua utaratibu wa nyumba. Mita ya umeme ni moja, wapangaji sita. Alhamisi ya kwanza ya mwezi mama mwenye nyumba hupita na daftari, akahesabu balbu na vifaa, kila mtu alipe kwa alichokutwa nacho. Mimi nina balbu nne, pasi na birika la umeme. Jirani yangu, fundi cherehani, ana balbu mbili tu! Na mashine yake inavuma kutwa. Leo kanisalimia kwa heshima, akauliza kama nimelala salama. Anataka kujua nimelalaje kwa nini? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu kazi yake ni nguo.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kumpeleleza kwa kisingizio cha kifungo. Kumbe mashine yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Haili umeme hata chembe. Mjanja kuliko nilivyodhani! Kifungo kanishonea bure. Nimekikagua mara tatu.
Sasa zamu yangu. Balbu zote nimezifungua, kila moja ndani ya soksi yake. Pasi na birika sandukuni. Mapazia nimeshusha, maana mwenye mapazia huonekana ana uwezo. Godoro nimelikunja na kulifunga kamba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kazini nikiacha mlango wazi makusudi, mama akague mpaka achoke. Nimerudi na kulichungulia daftari ukumbini. Mbele ya chumba changu: sifuri. Sifuri! Bajeti nimeiandika upya, inabaki hadi ya soda. Balbu hazitoki kwenye soksi kwanza. Fundi asije akanichongea.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kabisha hodi, akauliza kwa upole kama ninahama. Nimemwambia hayamhusu. Wivu tu.
Baadaye wamekuja mwanamume na mwanamke, wakapima dirisha langu kwa futi kamba. Wapelelezi wa umeme, bila shaka. Nikawatembeza mwenyewe, waone kwamba humu hamna kitu. Wamefurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amefika na sufuria zake, nimempokea stendi. Mlangoni kufuli jipya. Dirishani mapazia ya watu!
Mama mwenye nyumba kashangaa kuniona. Alikuta mlango wazi, godoro limefungwa kamba, hata balbu hakuna. Akajua mpangaji anahama kimyakimya, kama wengine. Wale wawili ni maharusi, wamelipa miezi sita. Kodi yangu kairudisha, imepungua siku nane. Mizigo yangu ukumbini.
Mke wangu kafungua sanduku. Katoa soksi, ndani balbu. Ya pili, balbu. Ya tatu. Ya nne kaiweka sakafuni taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikampa bajeti. Kasoma hadi chini, akauliza sifuri ya umeme imetoka wapi. Nimeona aibu. Nilitaka tu abaki.

Jumapili, 9 Machi
Fundi ametupa stoo yake ya vitambaa kwa nusu ya kodi ya kule, umeme juu yake. Mke wangu kapiga hesabu dakika tano nyuma ya risiti, na bajeti imetosha. Anabaki! Nimelia, sifichi.
Lakini mtu hatoi hivihivi. Umeme juu yake kwa nini? Na mbona anacheka vizuri hivyo na mke wangu? Ana lake jambo.
Mke wangu katoka kununua sabuni. Nimetumia nafasi hiyo. Balbu iko kwenye soksi, godoro nimelikunja, sufuria zote sandukuni. Mlango nimeuacha wazi. Fundi aje sasa, tuone atahesabu nini.