Mke Wangu Anafika Kesho

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Jua kali, begi zito, shati limenata mgongoni. Binamu hayupo. Mwaka mzima tulijifunza kupiga mbizi pamoja kwenye bwawa la kuogelea linalonuka dawa, tukapanga safari hii pamoja, tukanunua miwani ya maji ya rangi moja. Kisha akaoa. Wiki iliyopita kanipigia kusema shemeji hataki kusikia habari za bahari. Eti niende tu, nikamwonee samaki. Sawa. Nitawaona, na sitamsimulia hata mmoja.

Mtihani wa kwanza: pa kulala. Hoteli ya ufukweni niliuliza bei, nikaomba maji ya kunywa, nikaondoka. Ya pili sikuuliza. Mlinzi alinitazama viatu, tukaelewana. Mwishowe nikapata nyumba ya wageni nyuma ya karakana ya boti. Ghorofa moja, rangi ya kijani inabanduka, feni zinalia. Mwenye nyumba ni mama mnene, miwani inaning'inia kifuani, hacheki ovyo. Kanieleza utaratibu wake. Ameshirikiana na kituo cha kuzamia cha ng'ambo ya barabara: wanandoa wanaopiga mbizi pamoja hupata chumba na mbizi kwa bei ya chini. Na mtu mmoja? Mtu mmoja hulipa zaidi kuliko wawili! Nikauliza kwa nini. Kasema mtu mmoja ni hasara, hali chakula cha maana, halafu jioni anakuja kukaa jikoni kwake kumpigia soga.

Hapo akili ikachemka. Nikausikia mdomo wangu ukisema mke wangu anafika kesho.

Chumba kizuri. Kitanda kikubwa, taulo mbili, feni inazunguka ikitaka. Nani kasema mimi si mjanja?

Jumanne, 4 Machi

Kazi ya ndoa si ndogo. Asubuhi nimenunua mswaki wa pili na kandambili za kike. Mswaki kwenye glasi, kandambili chini ya kitanda, upande wa dirishani. Yeye anapenda upepo.

Nikavuka barabara kwenda kuzama. Balaa! Mwalimu wa kuzamia ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kushindana na injini. Sheria yake moja: haingii mtu majini bila mwenzake. Kila mmoja anamkagua mwenziwe mkanda, mtungi, hewa, na huko chini hawapotezani. Majina yameandikwa ubaoni mawili mawili. Mwenye nyumba alikwishampasha habari, kwa hiyo langu limeandikwa hivi: Bwana na Mkewe. Mwalimu kauliza mke yuko wapi. Njiani, nikasema. Basi na mimi nikae, akasema, mpaka afike. Nikamwambia naweza kuzama peke yangu, mimi ni mzoefu. Kajibu kwamba wazoefu ndio wanaookotwa.

Boti ikaondoka. Nimebaki ngazini na mapezi miguuni. Chumba nimekipata kwa sababu ya mke, bahari nimeikosa kwa sababu ya mke huyo huyo. Ndoa!

Kuna mtu nimempa jina la Bwana Kamera. Miguu myembamba, kamera kubwa kama sufuria, maneno mengi. Naye yuko peke yake, hivyo Mwalimu ndiye mwenzake majini. Kaniita tuzame wote mpaka shemeji afike. Mwalimu akakubali. Mimi nikakataa! Nikionekana naweza kuishi bila mke, mwenye nyumba atapandisha bei. Isitoshe, simpendi. Ana chumba cha vitanda viwili, dirisha linatazama bahari, na bei aliyotajiwa kalipa bila hata kukuna kichwa. Mtu asiyepatana bei sina imani naye.

Jumatano, 5 Machi

Mke hajafika. Ilibidi mama mkwe augue. Nilimfikiria ugonjwa kwa huruma, nikachagua mguu.

Mwenye nyumba kalainika. Kaniletea supu chumbani na kusimama mlangoni. Kauliza mke wangu ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mpole, ila kicheko chake kinasikika nyumba ya tatu. Chai hunywa bila sukari. Akikunja nguo huimba bila maneno, na ukiingia chumbani ananyamaza kwa haya. Maneno haya yalitoka wapi sijui, yalikuja yenyewe kama kwamba yalikuwa yamepanga foleni. Mama kasema nina bahati. Nikasema ninajua.

Chakula cha jioni peke yangu. Bwana Kamera kanipungia mkono nikale mezani kwake. Nikamwonyesha kiti kilicho mbele yangu, yaani kina mwenyewe. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaiweka kamera yake juu ya meza na kula akiitazama. Ukumbi mzima ulikuwa mimi, yeye, kamera na mke wangu. Nilisikia vijiko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona shaka machoni pa Mwalimu. Mpango mpya: kumpigia mke simu hadharani. Nikasimama kwenye ujia karibu na jikoni, mwenye nyumba anaosha vyombo, mlango wazi. Simu sikioni. Nikauliza habari ya mguu wa mama. Nikamsimulia mke rangi ya kijani, feni, Mwalimu na ubao wake. Nikamwambia nimemwachia upande wa dirishani.

Hapo ningekata. Sikukata. Nikamwambia kwamba tangu Binamu aoe, mchana kazini nakula nimeupa mlango mgongo, ili wanaopita wadhani nina shughuli. Nikamwambia Jumapili ni ndefu sana. Hilo halikuwa kwenye mpango. Nikanyamaza ili ajibu, na kusema kweli nilimsubiri. Sijazungumza na mtu vizuri hivyo mwaka huu.

Nilipoingia jikoni, mwenye nyumba alikuwa anafuta sahani. Bila kunitazama kasema upepo wa alfajiri umeangusha mnara, mtaa mzima hakuna mtandao. Nikasema labda laini yangu ni tofauti. Kasema labda.

Kisha kauliza kama nimekula. Akafuta sahani nyingine. Akasema Bwana Kamera tangu siku ya kwanza anaulizia mtu wa kulala kitanda cha pili, na wageni wawili wakichangia chumba kile, kila mmoja analipa kidogo kuliko hata bei ya wanandoa. Kidogo kuliko! Nikamaka, mbona hakuniambia? Imebandikwa mlangoni, akasema, kwa herufi kubwa, lakini mimi niliingia na mke tayari.

Akanisogezea kigoda. Nikakaa jikoni, nikampigia soga mpaka vyombo vikaisha, kisha akaanza kuosha vilivyo safi. Hakunifukuza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezama!

Mwalimu kamfuta mke wangu ubaoni kwa kidole gumba. Niliumia kidogo, nisiseme uongo. Kaandika Kamera. Kwenye boti Bwana Kamera kapiga magoti mbele yangu, kavuta mkanda wangu wa vipande vya risasi vya kunizamisha, kakagua mtungi, kafunga kifungo kilichonishinda. Anahema kwa puani kama fundi wa saa. Hakuuliza habari za shemeji. Nadhani jikoni pale hukaa watu wengi.

Chini ni buluu na kimya. Matumbawe, samaki wa manjano kundi zima, wanageuka wote pamoja, hakuna anayebaki nyuma. Kila baada ya kitambo Bwana Kamera anaacha samaki, ananigeukia, anaunganisha kidole gumba na cha shahada: uko sawa? Namjibu kwa vidole hivyo hivyo: sawa. Anapiga picha, anageuka tena. Uko sawa? Sawa. Nyumbani hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mwaka uanze, na huyu ananiuliza bila kuchoka, tena bila kutaka cha zaidi.

Miwani yangu ikajaa maji. Yalitoka ndani. Akadhani inavuja, akanionyesha namna ya kuyatoa kwa kupuliza puani. Nikapuliza. Yakajaa tena.

Jioni nimekula mezani kwake. Kanionyesha picha zote, hata zilizotoka vibaya. Kasema ana samaki wa miaka na miaka na hana wa kumwonyesha. Kesho anaelekea rasini, kuna nyumba anayoijua, twende wote, tuchangie chumba. Nimesema nitamjibu asubuhi, ili nisionekane nina njaa. Jibu ni ndiyo. Ndiyo, ndiyo!

Jumamosi, 8 Machi

Niko rasini. Nyumba nyingine.

Nieleze. Asubuhi nilikwenda kituo cha mabasi kuulizia nauli zetu, nikaona tangazo la nyumba nyingine ya rasini: familia yenye watoto wadogo, chumba kwa robo ya bei. Robo! Kuchangia ni nusu. Hesabu haina undugu. Nikarudi nikamwambia Bwana Kamera kwamba mama mkwe amepona na mke wangu ananisubiri huku. Alinitazama kidogo. Akakaza mkanda wa begi langu uliolegea, akasema nimsalimie shemeji. Mwenye nyumba kanifungia mayai ya kuchemsha. Nilipofika mlangoni akaniita: nilikuwa nimesahau kandambili za mke wangu chini ya kitanda. Alikuwa amezipangusa mchanga.

Chumba cha hapa ni kikubwa mno. Kitanda cha watu wazima na viwili vidogo. Nimemwambia mwenyeji kwamba mke anafika kesho na mapacha. Yule mtundu nimempa kitanda cha ukutani, asije akaanguka. Mpole atalala karibu na mama yake.

Bwana Kamera ametuma picha kwenye simu. Ni mimi, chini ya bahari, vidole vimeungana. Ameandika kwamba kitanda cha pili bado kipo. Nitamjibu familia ikishatulia.

Kituo cha kuzamia cha huku nacho kina sheria yake: wazazi wenye watoto wadogo huzama kwa zamu, mmoja anabaki nchi kavu na watoto. Wakauliza nani ataanza. Nimesema aanze mama yao. Atakuwa amehangaika nao peke yake njia nzima, na mimi kukaa ngazini nimeshazoea.